Unukuzi: kuhamisha herufi bila kuzigusa

Mtajie mwanafunzi wa Katandala, pale Sumbawanga mjini, neno nukuu, naye atafungua daftari. Kwake nukuu ni yale ya ubaoni yanayopaswa kuingia daftarini kabla kengele haijalia, yaeleweke yasieleweke. Mwandishi wa habari ana nukuu yake: maneno ya waziri ndani ya fungua na funga semi. Mwanaisimu naye husema unukuzi akiwa na maana ya kuandika sauti iliyorekodiwa. Neno hili ni ndugu wa nakala na nakili, na asili yake ni Kiarabu, katika maana ya kuhamisha kitu kutoka mahali kwenda pengine. Kamusi za zamani zina hata umbo la nukulu. Faksi ilipoingia maofisini ikaitwa nukushi, jina zuri lililozikwa pamoja na mashine yenyewe.

Ninayoitetea hapa ni maana ya mwanafunzi. Unukuzi ni kuhamisha herufi kama zilivyo, bila kufasiri, bila kusahihisha, na ikibidi bila kuelewa. Hilo la mwisho linawaudhi wasomi, ingawa wao wenyewe wamewahi kulihitaji.

Kati ya mwaka 1896 na 1907, Waingereza wawili, Bernard Grenfell na Arthur Hunt, walichimba majalala ya mji wa kale wa Oxyrhynchus nchini Misri. Walitoka na vipande vinavyokadiriwa kufika 500,000, vingi vikiwa vya Kigiriki, vilivyoandikwa juu ya mafunjo, mmea uleule unaoota kwenye mabwawa ya Malagarasi. Humo mna barua, mikataba, hesabu za kodi, mashairi. Kitabu cha kwanza cha maandishi hayo kilitoka mwaka 1898. Zaidi ya karne moja baadaye, vipande vilivyochapishwa vilikuwa bado elfu chache tu. Wanaosoma Kigiriki cha kale kwa mwandiko wa mkono ni wachache, na jalala halikuwa dogo.

Ndipo Julai 2011 Chuo Kikuu cha Oxford na wenzake walipofungua mradi wa mtandaoni ulioitwa Ancient Lives. Mtu yeyote wa kujitolea aliletewa picha ya kipande, na chini yake safu ya herufi za Kigiriki. Anabofya herufi kwenye picha, kisha anabofya inayofanana nayo kwenye safu. Kujua Kigiriki hakukuwa sharti. Kipande kimoja kilipita mikononi mwa watu wengi, kisha kompyuta ikalinganisha majibu yao kuona wengi wameafikiana wapi, na hayo ndiyo yaliyomfikia mtaalamu.

Itazame kazi yenyewe kwa karibu. Katika mwandiko ule, sigma ni nusu duara iliyo wazi upande wa kulia. Epsiloni ni nusu duara hiyohiyo yenye kistari katikati. Theta ni duara lililofungwa, nalo lina kistari. Wino wa kistari ukifutika, epsiloni inageuka sigma; ukingo wa kulia ukitafunwa na mchwa, theta inageuka epsiloni. Tena maneno yameandikwa mfululizo bila nafasi. Mtaalamu akiona nusu ya neno analolijua, akili yake inamalizia iliyobaki kabla jicho halijafika. Asiyejua lugha hana kishawishi hicho: anaandika alichokiona.

Wataalamu wenyewe waliutambua ugonjwa huo mapema. Mwaka 1931 walikubaliana mjini Leiden juu ya alama za kuchapishia: nukta chini ya herufi yenye shaka, mabano ya mraba pale palipotoboka. Kwangu nukta ile ndiyo roho ya unukuzi, kwa sababu inamruhusu mtu kusema "nadhani" bila kuharibu ushahidi.

Tukija kwetu, mambo yanageuka. Miswada ya Kiswahili kwa hati ya Kiarabu ni mingi. J.W.T. Allen alikusanya baadhi yake kwa ajili ya maktaba ya chuo kikuu Dar es Salaam, na orodha yake ikachapishwa mwaka 1970. Kwa tahajia ya zamani, herufi moja ya b ilibeba b, p na mb, hivyo baba, papa na pamba yaliweza kuandikwa vilevile. Msaidizi asiyejua Kiswahili ataihamisha herufi hiyo bila kosa, nasi tutabaki bila kujua kama shairi linamtaja mzazi, samaki au zao la biashara. Ndiyo maana huko Mombasa mmisionari William Taylor alimtegemea Mwalimu Sikujua kwa mashairi ya Muyaka. Kazi hiyo ya kuyatoa maneno katika hati ya Kiarabu na kuyaandika kwa herufi za Kilatini ningeiita uhamishaji hati, na neno unukuzi ningeliacha lipumzike. Sauti nazo ni hivyohivyo: simulizi za Kifipa, kama zile alizozikusanya Roy Willis na kuzitolea kitabu mwaka 1978, zinadai sikio la Mfipa.

Lakini chukua shajara za Wamisionari wa Afrika, waliofika Karema mwaka 1885. Kila kituo chao kilitakiwa kuandika matukio yake, kwa Kifaransa, na shajara zao zimehifadhiwa Roma. Kijana wa Katandala asiyejua Kifaransa hata salamu anaweza kuzinukuu herufi kwa herufi, sawa na wale waliobofya epsiloni. Shida itamjia pale padri alipoandika jina la kijiji jinsi alivyolisikia, na kijana anakijua kijiji hicho vizuri. Mkono utamwasha. Aliandike kwa kosa lake, halafu jina sahihi aliweke pembeni.