Raia na Watawaliwa

Wasomaji wetu wanakumbuka jinsi Mtume Paulo alivyookoka na mijeledi ya askari kule Yerusalemu, aliposema ya kuwa yeye ni Mrumi. Neno hilo moja likamtia hofu jemadari aliyemfunga. Yafaa tulikumbuke tukitaka kufahamu utawala wa Wafaransa katika Afrika ya Magharibi, maana huko nako watu waliokaa chini ya bendera moja waligawanywa mafungu mawili, raia na watawaliwa.

Raia miongoni mwa watu weusi walikuwa wachache. Wengi wao walikuwa wenyeji wa miji minne ya Senegali, yaani Saint-Louis, Gorée, Dakar na Rufisque. Hao walipiga kura, na mwaka 1914 walimchagua Blaise Diagne, mzaliwa wa Gorée, akakae katika baraza la kutunga sheria huko Paris. Mwaka 1916 sheria ikathibitisha ya kuwa wao na watoto wao ni raia wa Ufaransa.

Lakini mtu wa kijiji cha bara, hata akiwa wa kabila lile lile na lugha ile ile, alikuwa mtawaliwa. Juu yake ilikuwako amri ya mwaka 1887, iliyompa mkuu wa wilaya, Mfaransa, uwezo wa kumfunga hata siku 15 na kumtoza hata faranga 100, pasipo baraza la hukumu wala mtu wa kumtetea. Na makosa yenyewe yalikuwa nini? Kuchelewa kulipa kodi, kutokwenda kazi ya barabara, kutomheshimu mkubwa. Hilo la mwisho twaliona baya kuliko yote, kwa kuwa heshima haina kipimo. Nani aliyeweza kusema kama mtu amekosa au hakukosa, isipokuwa yule yule aliyeudhika? Aliyeshtaki ndiye aliyehukumu.

Amri hiyo ndiyo iliyotia nguvu kazi ya shokoa. Jumbe aliagizwa kuleta watu. Asipowaleta, yeye mwenyewe aliadhibiwa au kuondolewa, basi mara nyingi akawatoa wanyonge wasio na ndugu wa kuwasemea. Mwaka 1932 nchi ya Volta ya Juu, ambayo sasa ni Burkina Faso, iligawanywa, na sehemu kubwa ikatiwa katika Kodivaa, na vijana wake wakapelekwa kwa nguvu katika mashamba ya walowezi. Wengi wakakimbilia Gold Coast, yaani Ghana ya sasa, iliyokuwa ya Waingereza. Huko nako walilima kakao, ila kwa hiari yao na kwa ujira.

Wako wasemao ya kuwa Wafaransa walileta barabara na reli. Ni kweli, wala hatukani. Lakini waliozichimba ndio hao.

Baada ya vita mambo yakageuka upesi. Félix Houphouët wa Kodivaa, jumbe, tabibu na mwenye mashamba, alichaguliwa mwaka 1945 kwenda Paris, na tarehe 11 Aprili 1946 sheria aliyoileta ikakomesha kazi ya shokoa. Amri ya vifungo nayo ilifutwa. Tarehe 7 Mei mwaka huo, kwa sheria ya Lamine Guèye wa Senegali, watawaliwa wote wakaitwa raia. Lakini kura hawakupewa wote siku ile. Ndipo mwaka 1956 ilipotolewa kwa kila mtu mzima.