Ushahidi wa Mtoto Aliyedhulumiwa

Ushahidi wa mtoto aliyedhulumiwa ni maelezo yatolewayo mahakamani, katika kesi ya jinai, na mtoto aliyetendewa kosa lenyewe. Zanzibar ina Sheria yake ya Ushahidi ya 2016. Tanzania Bara, kwa marekebisho ya mwaka uo huo ya Sheria yake ya Ushahidi, mtoto asiyezidi miaka 14 aweza kushuhudia bila kiapo, maadamu ameahidi kusema kweli, na, kwa sheria iliyokuwapo kabla ya marekebisho hayo, katika makosa ya kujamiiana kauli yake pekee, mahakama ikiisadiki, yatosha kumtia mshitakiwa hatiani: kanuni yenye insafu, kwani dhulma hii aghalabu hutendwa faraghani. Unguja, upande wa Zanzibar, Kituo cha Mkono kwa Mkono hospitalini Mnazi Mmoja huwakutanisha tabibu, polisi na mshauri, mtoto asirudie kusimulia masaibu yake mlango kwa mlango.