Kisima Kikavu cha Kimbiji

Watafutaji wa mafuta wana neno lao kwa kisima kilichochorongwa bila kupata mafuta wala gesi ya kutosha biashara: kisima kikavu. Neno hilo linaficha mengi. Huko Kimbiji, kusini mwa Dar es Salaam, katika ardhi iliyokuwa ya Temeke kabla Kigamboni haijawa wilaya, mtambo wa kuchoronga ulisimamishwa mwanzoni mwa miaka ya 1980 kutafuta mafuta. Mafuta ya kuuza hayakupatikana. Kisima cha Kimbiji East-1 kikaingia kwenye orodha ya visima vikavu, ingawa mashapo kiliyoyatoboa, hadi kina kirefu, yalikuwa yamejaa maji baridi ambayo jiji lote lingekuja kuyahitaji. Ninachodai ni kwamba mwamba haupewi hukumu moja ya milele. Anayeupima huja na swali lake, na mara nyingi swali hilo huletwa na mahitaji na bei za siku hiyo. Kinachodumu ni vipimo.

Ushahidi wa kwanza uko kusini zaidi, katika kisiwa cha Songo Songo. Pwani yetu ilianza kupekuliwa kwa nguvu kati ya 1952 na 1964, kampuni za BP na Shell ziliposhika vitalu kuanzia Pemba hadi Mafia. Pemba ilikuwa na sababu yake ya kuvutia watafutaji, kwani Tundaua mafuta huvuja yenyewe juu ya ardhi. Walichoronga, hawakupata mali ya kuuza, wakaondoka, lakini wakaacha maarifa ya mpangilio wa miamba. AGIP ya Italia ilikuja mwaka 1969, na mwaka 1974 ikagonga gesi Songo Songo. Kwa waliokuwa wakitafuta mafuta ya kupakia melini, gesi iliyokwama kisiwani, mbali na kiwanda chochote, haikuwa na faida, na kampuni haikuona sababu ya kuiendeleza. Shirika la Maendeleo ya Petroli, TPDC, halikukubali kwamba mambo yameishia hapo, likaendelea kuchoronga. Mwaka 2004 gesi hiyohiyo ilisafiri kwa bomba la zaidi ya kilomita 200 hadi Ubungo kuzalisha umeme, na hadi Wazo Hill, Kinondoni, kuchoma saruji. Katika miaka ile 30 mwamba wa Songo Songo haukubadilika hata chembe. Kilichobadilika ni jiji, bei ya mafuta ya kuagiza, na hali ya mabwawa ya umeme.

Ili kuelewa namna kisima cha mafuta kilivyoweza kuwa shahidi wa maji, lazima tujue mwamba hupimwaje. Mtaalamu hutafuta mambo manne: mwamba uliozalisha mafuta kutokana na mabaki ya viumbe, mwamba wenye matundu unaoweza kuyahifadhi, mwamba usiopenyeka wa juu unaoyafunika yasitoroke, na umbo la chini ya ardhi linaloyakusanya mahali pamoja. Utafiti wa mitetemo huchora umbo hilo kutoka juu, lakini shahidi anayeaminika ni kisima chenyewe. Vipande vya mwamba vinavyopanda na tope la kuchorongea hukusanywa na kuandikwa kwa kina vilikotoka. Kisha vyombo vya kupimia huteremshwa kwa waya, na kimojawapo hupima jinsi mwamba unavyoukinza umeme. Hapo ndipo penye utamu wa kisa hiki. Maji ya chumvi hupitisha umeme vizuri. Mafuta na gesi huukinza. Lakini maji baridi nayo huukinza. Mchanga wenye ukinzani mkubwa humpa mtafutaji matumaini kwanza, kisha vipimo vingine humwambia kwamba alichokiona ni maji, naye hufunga daftari. Kwa mtaalamu wa maji, ukurasa huohuo ndio mwanzo wa kazi.

Ndivyo ilivyokuwa Kimbiji. Kumbukumbu za kisima cha mafuta zilipofunguliwa upya kwa jicho la maji, na hapa jina la Fridtjov Ruden, mtaalamu wa maji ya ardhini kutoka Norway, linastahili kutajwa, zilionyesha hazina kubwa ndani ya mashapo ya zama za Neojini, yaliyotandazwa kati ya miaka milioni 23 na milioni 2.6 iliyopita. Jiji lilikuwa na kiu ya kweli. Limelelewa na Mto Ruvu, na kila ukame mkubwa, ukiwemo wa 1997, uliwatoa watu mbio kutafuta visima. Visima vingi vya mitaani havina kina kirefu, na vya karibu na bahari huingiwa na chumvi. Mkazi wa Mbagala au Tandika anayenunua maji kwa dumu anaijua tofauti hiyo kwa ulimi.

Atasema mtu kwamba hii ni bahati tu, na kwamba ninampa mchorongaji sifa za jambo asilolikusudia. Kweli, hakulikusudia. Lakini bahati isingetosha kama karatasi za vipimo zingetupwa, au kama zingebaki mali ya kampuni iliyokwisha kuondoka. Pingamizi zito zaidi ni la gharama. Miaka ile nchi ilikuwa imetoka vitani na fedha za kigeni zilikuwa adimu, hata magari binafsi yakakatazwa barabarani Jumapili alasiri ili kuokoa mafuta. Je, ilikuwa busara kuchoronga kwa mikopo? Kwa lengo la mafuta peke yake, Kimbiji ilikuwa hasara, na sioni haja ya kuipamba. Ila hesabu hiyo huorodhesha gharama yote na kuacha nusu ya mapato. Kisima cha kina kile kisingechorongwa kwa ajili ya maji. Hakuna idara ya maji ambayo ingethubutu.

Pingamizi ninalolikubali ni la muda. Kutoka mtambo ule hadi mabomba ilipita miongo, na huo si uzembe wa mwamba. Mradi wa mamlaka ya maji ya jiji, DAWASA, wa visima virefu vya Kimbiji na Mpera ulisuasua kwa miaka huku maboza yakiuza maji mitaani. Mwezi Novemba 2022, ukame ulipoupunguza tena Mto Ruvu na mgao wa maji ukaanza jijini, mradi wa visima vya Kigamboni ulizinduliwa rasmi, na maji ya upande ule wa bahari yakaanza kuvushwa kwenda mjini.