Waya wa breki ulipojificha

Wadau, ukitaka historia ya breki za baiskeli usianzie maktaba. Nenda mteremko wa Pugu, barabara ya Kisarawe. Wabeba mkaa wameteremkia pale miaka na miaka kwenda Dar, magunia yamepakiwa nyuma, na kinachowatenganisha na kaburi ni vipande vinne vya raba.

Baiskeli za mizigo za huku zilifuata mtindo wa Raleigh, kampuni iliyoanza Nottingham miaka ya 1880. Phoenix za Shanghai nazo zikaiga. Hazina waya. Ukibana breki, fimbo za chuma zinavuta raba ziikandamize rimu kwa ndani. Mvua ikinyesha hazishiki vizuri, nani asiyejua? Lakini fimbo ikilegea unaiona, na fundi wa chini ya mwembe anaikaza kwa spana moja.

Waya wenyewe si kitu kipya. Ernest Bowden alipata hataza yake Uingereza mwaka 1896. (Wengi humchanganya na Frank Bowden, bosi wa Raleigh. Siye.) Waya ndani ya ganda lake unakata kona bila viungo vingi, kazi ambayo fimbo haiiwezi. Ukatawala dunia.

Halafu wakauficha. Tangu miaka ya 1980 baadhi ya baiskeli za mashindano waya wake umepita ndani ya fremu, ili upepo usikwame na macho yafurahi. Sawa kwa mashindano. Sasa zinatufikia kama mitumba, na ukichomoa waya mkuukuu kwa pupa, unabaki na tundu jeusi na waya mpya usiojua njia.

Dawa ipo. Fungua waya kwenye breki, kata kofia ya nchani, kisha telezesha mrija mwembamba wa plastiki juu yake mpaka utokee upande wa pili wa fremu. Ndipo uvute waya. Mrija unabaki, unapitisha mpya. Kama umeshachomoka, ingiza uzi tundu moja, fyonza hewa kwa tundu la pili, uzi uje wenyewe. Halafu ufunge kwenye waya. Lakini mrija huo utaupata wapi, saa kumi na moja alfajiri, na gunia mgongoni mwa baiskeli?

Fundi mmoja wa Maili Moja, Kibaha, ameshaamua. Akiletewa fremu ya namna hiyo anauvika waya ganda zima, anaupitisha nje, anaufunga kwa vipande vya tyubu. Unatazamika vibaya kweli. Ila ganda likipasuka, mwenye baiskeli analiona kabla ya mteremko.