Hulme ya Miaka ya 1950 Katika Albamu za Familia

Kamera ya Box Brownie ilikuwa kisanduku chenye lenzi mbele, kidirisha kidogo cha kuchungulia juu, na filamu ya picha nane. Bila jua haikufaa kitu, na nyumba za Hulme, mtaa wa wafanyakazi ulio kusini tu mwa kitovu cha jiji la Manchester, zilikuwa na giza. Basi familia zilitoka nje kupigwa picha, na kwa njia hiyo mtaa mzima ukaingia katika albamu bila kualikwa. Baba alimlenga binti yake mwenye gauni jipya, lakini nyuma ya binti kikaonekana kizingiti, pazia la lesi dirishani, tofali zilizopigwa masizi, na jirani aliyesimama mlangoni kwake na aproni kiunoni. Mara nyingi kivuli cha baba mwenyewe, viwiko vikiwa vimechomoza, kimelala chini mbele ya mtoto, kwa kuwa mpigaji alifundishwa kulipa jua mgongo. Anayetaka kujua watu wa Hulme waliishije katika miaka ya 1950 atapata mengi zaidi kwa hao na hayo ambayo hayakulengwa.

Chukua hicho kizingiti. Nyumba hizo za karne ya 19 zilijengwa kwa safu, ukuta kwa ukuta, na mlango wa mbele ulifunguka moja kwa moja barabarani. Uwanja wa mbele haukuwepo, kwa hiyo heshima ya nyumba ilianzia kwenye kizingiti. Akina mama walipiga magoti wakakisugua, kisha wakakipaka kwa donkey stone, kipande cha unga wa mawe uliochanganywa na saruji na dawa ya kung'arisha. Hakikuhitaji hata fedha: mnunuzi wa matambara na vyuma chakavu alipita na mkokoteni wake, ukampa nguo kuukuu, naye akakupa kipande. Katika picha kazi hiyo huonekana kama ukingo mweupe chini ya mlango. Kila nyumba ilichoma makaa ya mawe, na viwanda vilikuwa jirani. Sheria ya hewa safi ilipitishwa mwaka 1956, na masizi hayakukoma siku hiyo. Ukingo ule mweupe ulichafuka upesi, na mama akarudi magotini.

Picha nyingi zaidi ni za Pentekoste. Maandamano ya kidini ya msimu huo yalianza Manchester mwaka 1801. Waanglikana walitembea Jumatatu, Wakatoliki Ijumaa, bendi zikitangulia, mabango yakipepea, na wasichana wakiwa na magauni meupe na vikapu vya maua. Hata familia isiyokanyaga kanisani mwaka mzima ilijibana ili mtoto apate nguo mpya siku hizo. Wengi walizilipia kidogokidogo, kila wiki, kupitia vyama vya nguo. Mtoto akishavaa alipita mlango kwa mlango kuonyesha, na majirani wakamtilia peni mfukoni. Ukimwona katika picha amesimama wima kama askari wa gwaride, mikono imegandana na mapaja, jua linamchoma macho, ujue amebeba akiba ya miezi.

Jumatatu ya kufua haina picha. Hakuna aliyepoteza nafasi moja kati ya nane kwa ajili ya pipa la kufulia, rola ya kukamulia na mikono iliyobabuka kwa sabuni. Wala choo cha uani, wala karai la bati lililoteremshwa ukutani usiku wa kuoga, watoto wakipokezana maji yaleyale mbele ya moto. Albamu ni ushahidi wa siku njema. Napenda kuzisoma nikilikumbuka hilo, kwa sababu kumbukumbu ya mtaa ulioondoka hulainika haraka, na waliokohoa katika vyumba vyenye unyevunyevu wanastahili kukumbukwa pamoja na bendi.

Miaka hiyohiyo familia kutoka Karibiani na Afrika zilikuwa zikihamia Hulme na Moss Side, na wengi wao walikwenda studio kupiga picha za kutuma nyumbani: suti, saa ya mkono, mkoba. Sisi wa Afrika Mashariki tuna sababu ya kuujua upande huo wa Manchester. Jirani kabisa, katika ukumbi wa mji wa Chorlton-on-Medlock, ndiko Jomo Kenyatta alikohudhuria Kongamano la Tano la Umajumui wa Afrika, Oktoba 1945.

Kisha ikaja bomoabomoa ya miaka ya 1960. Wapiga picha wa manispaa nao walipita mitaa hii wakitunza kumbukumbu za majengo, na katika picha zao mara nyingi utaona nyufa na barabara tupu. Nyufa zilikuwepo kweli. Lakini mpango uliofuata ulizihesabu nyufa ukawasahau watu wa vizingitini: koo zilizokaa barabara moja zilitawanywa hadi Wythenshawe na Hattersley, na mahali pao pakainuka majengo marefu ya zege yaliyopinda, Hulme Crescents, yaliyokamilika mwaka 1972 na kuanza kubomolewa kabla hayajamaliza miaka 25.

Katika miaka hiyo ya 1970, watafiti wa Manchester Polytechnic, miongoni mwao Audrey Linkman, walianza kuwaomba wakazi wa eneo hilo pana la Manchester albamu zao, wakazinakili na kuzirudisha. Ilikuwa hatua ya busara: picha za sherehe na za ufukweni, zilizodhaniwa kuwa mali ya familia tu, zikaingia katika hifadhi ya kumbukumbu ya umma.

Hulme ilipojengwa upya miaka ya 1990, wapangaji waliachana na vijia vya juu vya zege wakarudia barabara za kawaida, nyumba zikitazamana na milango ikielekea njiani. Stretford Road, barabara ya maduka ambayo ujenzi wa awali ulikuwa umeikata, iliunganishwa tena kwa daraja la Hulme Arch mwaka 1997.