Mtunzi wa Ngoma: Kutafuta Kiswahili cha Koreografia

Koreografia ni neno lililoundwa kwa Kigiriki: khoreia, yaani kucheza kwa kundi huku watu wakiimba, na graphein, kuandika. Mwaka 1700 Raoul-Auger Feuillet alichapisha Paris kitabu alichokiita Chorégraphie, akaeleza namna ya kuchora hatua za dansi karatasini kwa mistari na alama. Mwenye koreografia wakati huo alikuwa mwandishi, mtu wa kuhifadhi kile ambacho miguu ilikwisha kukicheza. Baadaye neno likahama. Likaiacha karatasi, likamshika yule anayeamua nani aingie kutoka upande gani, aruke lini, asimame karibu na nani. Maana hiyo ndiyo iliyotufikia pamoja na baleti.

Kwa Kiswahili tunasikia ubunifu wa dansi, upangaji wa miondoko, au koreografia yenyewe ikiwa imevalishwa irabu. Lakini lugha yetu haikuwa tupu. Inaye manju, stadi wa kutunga na kuimba nyimbo za ngoma. Inaye sogora, bingwa wa kuipiga. Anayepanga miili hakupewa jina la pekee, na sababu si ngumu kuiona: katika ngoma nyingi kazi hiyo hugawanywa. Mmoja anaanzisha wimbo, mwingine anajitokeza kati, wazee wanajua wakati wa kugeuza, na mtoto anajifunza kwa kusimama mstari wa nyuma.

Mimi nashika utunzi wa ngoma, na mwenye kazi namwita mtunzi wa ngoma. Ubunifu unanipa shaka, kwa sababu unaashiria kitu kilichotoka kichwani mwa mtu mmoja. Kutunga kuna adabu nyingine. Tunatunga shairi, na pia tunatunga shanga. Anayetunga shanga hakuzitengeneza. Anachagua ipi ianze, ipi ifuate, uzi ubane kiasi gani, naye anastahili sifa ya mpangilio huo. Shanga zina historia iliyotangulia mikono yake. Wasichana wa Kiiraqw wa Mbulu waliozishona shanga kwenye sketi zao za ngozi wangeelewa tofauti hiyo bila kuelezwa.

Tofauti hiyo ina uzito hasa kwetu Tanzania. Tangu kikundi cha ngoma cha taifa kilipoanzishwa katika miaka ya 1960, na Chuo cha Sanaa Bagamoyo, ambacho sasa ni TaSUBa, kilipofungua milango mwaka 1981, ngoma za makabila mengi zimepanda jukwaani. Duara likafunguliwa ili wachezaji wawaelekee watazamaji. Mchezo wa usiku kucha ukawa wa dakika chache. Mistari ikanyooshwa. Huo wote ni utunzi, na aghalabu ulifanywa na watu wenye kipaji kikubwa, lakini mtangazaji alitaja kabila tu. Jina la mtunzi likapotea, na pamoja nalo likapotea swali la kile alichokibadilisha.

Swali hilo linakuwa zito zaidi ngoma inapochanganywa na baleti. Tuje Hanang na Mbulu, kwa sababu hapo mchanganyiko huo unataka akili ya pekee. Katika eneo hili na majirani zake, Kondoa ikiwemo, watu wa lugha za asili nne tofauti wanapakana: Wairaqw wenye asili ya Kikushi, Wadatoga wa Kiniloti, Wabantu kama Wanyaturu na Wanyiramba, na Wahadzabe ambao lugha yao haijapata ndugu wa hakika. Anayesema “nitachanganya baleti na ngoma ya huko” hajasema lolote bado.

Walimu wa dansi hupenda kufundisha kwamba baleti hupaa na ngoma ya Kiafrika huzama ardhini, magoti yakiwa yamekunjwa na kiwiliwili kimeinama. Kauli hiyo inafaa kwa ngoma nyingi. Ukimtazama Mdatoga akicheza chini ya mlima Hanang, inavunjika. Wadatoga huruka. Mwili umenyooka, miguu iko sambamba, mruko unarudiwa juu ya mruko, na wanawake nao huruka, sketi zao za ngozi zenye vipande vingi vyembamba zikiyumba. Wimbo ndio saa yao. Hapa baleti inakutana na ngoma inayopenda anga kama yenyewe.

Kukutana huko hakumaanishi kufanana, na mwalimu asipoangalia ataua kimoja kwa jina la kingine. Mruko wa baleti huanza na pliye: magoti yanakunjwa, visigino vikibaki sakafuni, nyonga zimegeuza miguu nje, nguvu inapita hadi ncha za vidole, na mchezaji hutua kwa vidole kwanza, kisha kisigino, magoti yakipokea uzito. Mruko wa Kidatoga hutegemea zaidi kifundo cha mguu, na magoti hayakunjwi sana. Mlazimishe mchezaji ageuze miguu nje, na kilichobaki ni baleti iliyovaa ngozi. Ningeanza somo na mruko wa nyumbani, watoto wakiimba wenyewe, ndipo niwaonyeshe kutua kwa pliye, kwa kuwa kutua huko hulinda magoti ya anayeruka siku nzima kwenye sakafu ngumu. Hayo ndiyo mabadilishano ninayoyaamini: baleti ilete inachokijua vizuri, isidai kuwa sarufi ya kila mwili.

Njia nyingine imekwisha kujaribiwa. Igor Moiseyev alianzisha kikundi chake Moscow mwaka 1937, akawapa wachezaji wa ngoma za kienyeji mafunzo ya baleti. Ustadi wao ulishangaza ulimwengu, lakini naona kwamba makabila mengi yalitoka pale na mguu mmoja. Germaine Acogny wa Senegal, aliyeongoza shule ya Mudra Afrique huko Dakar kuanzia mwaka 1977, alikwenda upande wa pili. Aliijua baleti, akajenga mbinu yake juu ya uti wa mgongo, na mwendo mmoja akauita kwa jina la msufi. Kwa hiyo majina ya hatua yana kazi. Majina ya baleti kama pliye na tendu yabaki hivyo, kwa kuwa mtoto wa Kibera na mtoto wa Paris wanayatumia sawa. Miondoko ya Kidatoga iitwe kwa majina ambayo Wadatoga wenyewe huiita, hata kama hayana Kiswahili.

Kuna shanga zisizofaa kutungwa kabisa. Wahadzabe wa Yaeda Chini, wilayani Mbulu, wana epeme. Huchezwa usiku usio na mwezi, moto ukiwa umezimwa. Mwanamume mmoja mmoja hucheza, njuga mguuni, kayamba mkononi na manyoya ya mbuni kichwani, huku wanawake wakiimba. Giza ni sehemu ya ngoma yenyewe. Kuipandisha jukwaani chini ya taa ni kuiondolea kinachoifanya iwe epeme. Mtunzi anayeipenda kwa dhati anaweza kujifunza kutoka kwake namna sauti inavyobeba mwili usioonekana, kisha akatunga kitu kingine chenye jina lingine.

Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inazitambua pande zote mbili: kazi za koreografia zina mwenyewe, na ngoma za asili zinalindwa kama urithi wa jamii, kiasi kwamba kuzitumia kwa faida nje ya mazingira yake ya kimila kunahitaji idhini. Idhini ya ofisini pekee, kwa maoni yangu, haitoshi Hanang, ambako mashamba makubwa ya ngano ya serikali, yaliyosaidiwa na Kanada kuanzia mwisho wa miaka ya 1960, yalilimwa hadi juu ya makaburi ya wazee wa Kidatoga. Mtunzi aanze kwa kuwaendea wazee. Akikubaliwa, karatasi ya onyesho iseme hivi: ngoma ya Wadatoga wa Hanang, iliyofundishwa na fulani; pliye na kutua, mwalimu fulani; utunzi, fulani.