Filamu ya mtoto wa Bukavu, Nakivale haijaiona

Tarehe 24 Aprili mwaka huu wa 2026 ilitimia miaka 10 tangu mwanamuziki wa Kongo Papa Wemba aanguke jukwaani mjini Abidjan na kufariki. Hapa Base Camp, katika kambi ya wakimbizi ya Nakivale, Uganda, nyimbo zake zilipigwa kwa vinyozi na kwenye maduka ya simu. Filamu yake hakuna aliyeitaja.

Nilipanda taksi hadi Mbarara kuitafuta. Kwa wanaojaza filamu kwenye flashi nilikuta za kareti, za Kihindi na za Nigeria, zilizotafsiriwa Kiluganda na Kinyarwanda. La Vie est belle, yaani Maisha Matamu, hawakuijua. Nakala niliipata kwa mwalimu mmoja mzee wa hapa kambini, mzaliwa wa Bukavu, Kongo, na mengi ninayoandika yamepitia kwake. Kwake yeye mwenye filamu si Papa Wemba. Ni mwongozaji Mweze Ngangura, aliyezaliwa Bukavu mwaka 1950.

Hadithi ni hii. Kourou, ambaye ni Papa Wemba mwenyewe, anatoka kijijini kwenda Kinshasa akitaka kuwa mwanamuziki. Njaa inamfanya boi wa nyumbani kwa Nvouandou, tajiri mwenye klabu. Tajiri huyo nguvu za kiume zimemtoka, na mganga anamwambia aoe mwali asiyeguswa, kisha akae naye siku 30 bila kumgusa. Mwali anayechaguliwa ni Kabibi, yuleyule ambaye moyo wa Kourou umemwangukia. Mke mkubwa, Mamou, hanyamazi. Mwanamuziki Pepe Kalle naye yumo, na rumba haikatiki.

Filamu ilitoka mwaka 1987, Mobutu akiwa bado madarakani Kongo, na hapo ndipo maneno yalipoanza. Wako waliouliza: nchi imebanwa hivi, ninyi mnacheka? Ngangura hakurudi nyuma. Aliandika makala nzima akipima kama sinema ya Afrika iwe ya harakati au ya burudani, na akasimama upande wa burudani: mtazamaji wetu analipa kiingilio ili afurahi, na asipofurahishwa na filamu zetu atakwenda kufurahishwa na za wengine. Flashi za Mbarara zinamuunga mkono hadi leo.

Ugomvi wa pili ndio unaomuuma mwalimu wangu. Fedha zilikuwa Ulaya, na filamu ikatoka na majina mawili ya waongozaji: Ngangura na Mbelgiji Benoît Lamy. Mwalimu anasema jikoni alikuwa mtoto wa Bukavu, mezani wakaketi wawili. Mimi nakubaliana naye. Vicheko vile, mke mkubwa yule, mganga yule, havikutoka Brussels.

Ngangura alijibu kwa kazi. Mwaka 1998 alitoa Pièces d'identités akiwa mwongozaji peke yake: mfalme mzee wa Kongo anakwenda Ubelgiji kumtafuta binti yake, na anafika mahali pa kuweka rehani mavazi yake ya kifalme. Mwaka uliofuata ikatwaa zawadi kuu ya tamasha la filamu la FESPACO, Ouagadougou. Jina lake kwa Kiswahili ni Vitambulisho. Watu wa hapa, wanaotembea na karatasi ya familia mfukoni, hawahitaji kufafanuliwa jina hilo.

Nakivale imepokea wakimbizi tangu mwishoni mwa miaka ya 1950, na Wakongo waliopo ni maelfu kwa maelfu, wengi wao wa Kivu. Hata hivyo hakuna kibanda cha video nilichokijua kilichowahi kuonyesha kazi ya mtu wa kwao. Hili linanikera. Watafsiri hodari tunao. La Vie est belle inazungumza zaidi Kifaransa, ambacho watoto waliokulia hapa hawakipati.

Jumamosi tuliitazama chumbani kwa mwalimu, watu 11 mbele ya kompyuta ndogo, yeye akitafsiri kwa Kiswahili cha Bukavu. Mganga alipotaja siku 30, akina mama wawili waliangua kicheko kabla mwalimu hajafungua mdomo. Betri ya sola ikakata kabla Kourou hajapanda jukwaani. Hakuna aliyeinuka. Mwalimu akatusimulia mwisho gizani, na zile nyimbo akaziimba mwenyewe.